Kalori 1,500 ni Nusu ya Nini?

Malori yanayoelekea mpaka wa Rusumo yakishaiacha Lusahunga, wilayani Biharamulo, mengi husimama tena Benaco, kata ya Kasulo, wilayani Ngara. Dereva akishuka na tandiboi wake, chakula cha haraka ni chipsi mayai. Viazi vimeshakaangwa kwenye karai. Sasa vinarudishwa kwenye kikaango, muuzaji anaongeza mafuta kwa kukisia, kisha anamwagia mayai mawili yaliyopigwa. Mtu anayetaka kupunguza uzito aanzie hesabu yake hapo, kwenye mafuta ambayo hakuna aliyeyapima.

Kalori katika makala haya ni kilokalori, ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Sahani yetu ina viazi gramu 250, yaani kalori 190. Mayai mawili ni 145. Mafuta yaliyonyonywa tukiyakadiria kuwa gramu 40, ni 360. Jumla ni 695, na asilimia 52 yake ni mafuta hayo ya kukaangia. Lakini gramu 40 ni kadirio tu. Zikiwa 30, sahani ina kalori 605. Zikiwa 60, ina 875. Tofauti ni kalori 270, na kwa macho sahani zote mbili ni sawa.

Ndiyo maana anayesema "nakula kalori 1,500 tu kwa siku" aulizwe maswali mawili: umezipimaje, na ni 1,500 kati ya ngapi? Swali la pili ni zito zaidi.

Kigawanyo kinachosahaulika

Tumchukue mtu wa kukokotolea: mwanamke wa miaka 35, urefu sentimita 160, uzito kilo 80. Uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo zikigawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe, ni 31.3. Kuanzia 25 huhesabiwa uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwili wake akiwa amepumzika kabisa hutumia kalori 1,464 kwa siku.

Kazi ndiyo inayobadilisha jibu. Akiwa muuza duka anayekaa kutwa, tunazidisha kwa 1.4 na kupata kalori 2,050. Akiwa mkulima wa jembe la mkono msimu wa kupalilia maharage, tunazidisha kwa 1.8 na kupata 2,635. Mwanamke ni yuleyule, kilo ni zilezile, na tofauti ni kalori 585 kwa siku.

Sasa wape wote wawili mpango mmoja wa kalori 1,500. Muuza duka anakula asilimia 73 ya anachotumia. Nakisi yake, yaani pengo kati ya anachotumia na anachokula, ni 550. Mkulima anakula asilimia 57, na nakisi yake ni 1,135. Mpango ambao kwa wa kwanza ni wa wastani, kwa wa pili umezidi mara mbili. Nakisi inayoshauriwa kwa kawaida ni ya kalori 500 hivi kwa siku, na ya juu huishia karibu na 750.

Kanuni yenyewe nayo ina mipaka. Ilitungwa kutokana na vipimo vya Wamarekani 498, na kwa watu wengi jibu lake hupotoka hadi asilimia 10 juu au chini. Kwa muuza duka wetu, asilimia 10 ni kalori 205. Hivyo nakisi yake ya 550 huenda ni 345, na huenda ni 755. Takwimu inayosemwa kwa uhakika hadi kalori ya mwisho ina uhakika usiokuwepo.

Mfano maarufu wa namba iliyosahau kigawanyo ni wa Minnesota, Marekani. Kuanzia Februari 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapa wanaume 36 waliojitolea mlo wa takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Namba hiyo inazidi mipango mingi ya kupunguza uzito inayopendekezwa leo. Lakini wanaume hao hawakuwa wanene, walitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki, na kabla ya hapo walikuwa wakila karibu kalori 3,200. Mlo huo ulikuwa asilimia 49 ya waliyozoea. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa dhaifu, wenye baridi na huzuni, na mawazo yao yote yakawa chakula.

Nusu ya kila kitu

Benaco ina historia nyingine ya kalori. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Eneo hilo likawa kambi, na chakula kikawa mgao uliopimwa kwa gramu kwa kila kichwa.

Kipimo kinachotumika kimataifa kupangia mgao siku hizi ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wa mfano ni nafaka gramu 400, kunde 60, unga wa lishe wa mahindi na soya 50, mafuta 25, sukari 15 na chumvi 5. Jumla ni gramu 555. Kwa watu 250,000 ni tani 139 kila siku: malori matano ya tani 30, bila kupumzika Jumapili. Namba 2,100 nayo ni wastani wa jamii nzima, ikichanganya mtoto wa miaka miwili, mama anayenyonyesha na mzee. Haikutungwa kumweleza mtu mmoja ale nini.

Mwaka 2023, kwa uhaba wa fedha, migao ya wakimbizi katika kambi za Kigoma ilikatwa hadi nusu. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Kuna watu mijini ambao kwa hiari yao hujiwekea dayati ya kiasi hichohicho na kuiita nidhamu. Wakati mashirika ya misaada yanakitangaza kiwango hicho kuwa dharura, mwenye dayati anakitangaza kuwa mafanikio.

Kalori hazikukatwa peke yake. Mgao kamili wa mfano una protini gramu 57 hivi: 36 kwenye nafaka, 12 kwenye kunde, 9 kwenye unga wa lishe. Ukiukata nusu, zinabaki gramu 28. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na anayepunguza uzito hushauriwa gramu 1 au zaidi kidogo, ili mwili usile misuli yake. Kwa mwanamke wetu wa kilo 80, kima cha chini ni gramu 64. Nusu ya mgao inampa asilimia 44 ya kima hicho.

Hapo ndipo njia rahisi kuliko zote, ya kula kilekile nusu sahani, inapokwama. Inapunguza unga uliozidi, na inapunguza vilevile maharage ambayo hata mwanzo hayakutosha.

Bei ya kalori, bei ya protini

Bei zifuatazo ni za kukokotolea. Msomaji aweke za sokoni kwake, kwa kuwa maharage ya msimu wa mavuno si ya miezi ya njaa. Unga wa mahindi kilo shilingi 1,500, maharage 3,000, dagaa wakavu 12,000, sukari 3,000, mafuta lita 6,000, maziwa lita 1,500, yai 400.

Kwa bei hizo, kalori 1,000 za unga zinagharimu shilingi 417, za mafuta 725, za sukari 750, za maharage 896. Kalori 1,000 za mayai zinagharimu 5,556, zaidi ya mara 13 ya unga. Mwenye fedha kidogo akijaza tumbo kwa ugali anafanya hesabu sahihi ya fedha yake.

Geuza swali liwe la protini. Gramu 10 za protini kutoka kwenye maharage ni shilingi 136, kwenye unga 167, kwenye dagaa 218, kwenye maziwa 469, kwenye mayai 667. Kwenye mafuta na sukari hazipatikani kwa bei yoyote. Unga unaonekana wa pili kwa urahisi, lakini gramu 10 hizo zinakuja na kalori 400. Za maharage zinakuja na 152, za dagaa na 58. Kwa anayebana kalori, safu hii ya mwisho ina uzito kuliko bei.

Tupange siku mbili za muuza duka, zote za kalori 1,500. Siku ya kwanza ni ya "kilekile kidogo": unga gramu 250, maharage makavu 40, mafuta 30, sukari 50. Kalori ni 1,504, protini gramu 31, gharama shilingi 841.

Siku ya pili: unga gramu 120, maharage 120, dagaa 30, yai moja, maziwa robo lita, mchicha gramu 300 wa shilingi 500, ndizi mbivu moja ya 200, mafuta gramu 15, sukari 10. Kalori ni 1,501, protini gramu 76, gharama shilingi 2,503. Kalori zimetofautiana kwa 3. Protini imekaribia kuwa mara mbili na nusu. Gharama imekaribia kuwa mara tatu.

Kwa wiki 12, yaani siku 84, mpango wa kwanza ni shilingi 70,644 na wa pili 210,252. Tofauti, shilingi 139,608, ndiyo bei ya kupungua bila kudhoofika, kwa bei tulizochukua. Kupunguza kalori kulikuwa bure, tena kunaokoa fedha. Gharama iko kwenye kujaza kilichoondoka pamoja nazo.

Bei hiyo inaweza kushuka. Ondoa yai na maziwa, ambavyo pamoja ni shilingi 775 na protini gramu 14. Weka dagaa gramu 25 za ziada kwa shilingi 300, na maharage gramu 45 kwa 135. Gharama ya siku inakuwa 2,163, protini inapanda hadi gramu 86, na kalori zinabaki karibu palepale. Dagaa huliwa na mifupa yao, hivyo madini ya chokaa hayapotei kwa kuacha maziwa.

Kuna dhana moja ya kukagua. Hesabu hii inamfaa anayenunua. Kaya nyingi za Ngara na Biharamulo hulima maharage, mihogo na ndizi zao, na zitasema gramu 120 za maharage hazikuwagharimu kitu. Zimewagharimu bei ambayo wangeuzia. Gramu 120 kwa siku 84 ni kilo 10. Kwa 3,000 ni shilingi 30,000 ambazo hazikuingia nyumbani.

Kilo 26 au kilo 11?

Kilo moja ya mafuta ya mwili huhesabiwa kuwa na kalori 7,700. Kwa nakisi ya 550, muuza duka anapungua nusu kilo kwa wiki, na kwa mwaka kilo 26. Hesabu hii ya mstari ulionyooka husambazwa sana, na kwa wiki chache za mwanzo si mbaya. Kwa mwaka mzima ni ya uongo, kwa sababu inachukulia kwamba mwili wa kilo 60 hutumia nishati sawa na ule wa kilo 80.

Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake walitoa kanuni iliyo karibu zaidi na ukweli: kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa kudumu humwondolea mtu mnene kilo moja, lakini nusu ya safari huchukua mwaka, na asilimia 95 yake miaka mitatu. Gawa 550 kwa 24: mwisho wa yote ni kilo 23, na mwaka wa kwanza kilo 11 na nusu. Ni asilimia 44 ya kilo 26 za mstari ulionyooka. Anayeahidiwa 26 akapata 11 atajiona ameshindwa, kumbe ni ahadi iliyokosewa.

Wiki ya kwanza hudanganya kwa upande mwingine. Mwili huhifadhi akiba ya wanga ya takriban nusu kilo, na kila gramu yake hushika kama gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikiisha, mizani inaweza kushuka kilo mbili, na karibu zote si mafuta. Zitarudi siku ya ugali wa kushiba.

Lengo nalo lipimwe. Kufika uwiano wa 25, mwanamke wetu anapaswa kuwa na kilo 64, yaani apungue 16. Lakini faida kwa shinikizo la damu na sukari huanza kuonekana kwenye asilimia 5 hadi 10 ya uzito: kilo 4 hadi 8. Kwa nusu kilo kwa wiki, ni wiki 8 hadi 16. Lengo la kwanza, la kilo 4, ni robo ya lile la kilo 16, na linafikika kabla ya msimu kwisha.

Gharama zisizopangwa bei sokoni

Mlo wa chini ya kalori 800 kwa siku huhesabiwa kuwa wa kalori chache mno, na haufanywi bila daktari. Ushahidi mkubwa wa mlo unaokaribia kiwango hicho ni utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, matokeo yakatolewa mwaka 2017. Watu 149 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa vinywaji vya lishe vya kalori 825 hadi 853 kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, 68 kati yao, asilimia 46, sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Kinachoachwa mara nyingi matokeo haya yanaposimuliwa ni kwamba vinywaji vilikuwa na vitamini na madini yaliyopimwa, dawa za sukari na shinikizo zilisimamishwa kwa mpango siku ya kwanza, na wahudumu waliwafuatilia muda wote. Uji mwembamba wa kalori 800 si mlo ule.

Suala la dawa ni la haraka kuliko yote. Anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, kiwango ambacho huweza kuleta jasho, kutetemeka, na hatimaye kupoteza fahamu. Anayetumia dawa za shinikizo anaweza kuanguka kwa kizunguzungu akiwa shambani. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na walio kwenye matibabu ya kifua kikuu hawapaswi kuingia kwenye hesabu hii kabisa. Mwenye maradhi ya figo aulize kwanza, hasa kuhusu protini.

Gharama ya kuangaliwa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya wilaya kuwa shilingi 6,000, na safari nne ndani ya wiki 12. Ni shilingi 24,000 kabla ya vipimo, asilimia 17 ya ile tofauti ya chakula.

Kuna sababu nyingine ya kuandikisha uzito kabla ya kuanza. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na waliokuwa watu wazima wakati huo bado huona kukonda kama habari mbaya. Hawajakosea kitabibu: kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia ni sababu ya kupimwa. Kwa kilo 80 ni kilo 4, sawasawa na lengo la kwanza la muuza duka. Mizani haijui nia. Kilo nne za mpango na kilo nne za maradhi hutofautishwa na daftari lililoanza kabla.

Chungu kimoja

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, asilimia 10 wamekonda, na asilimia 45 wana upungufu wa damu. Makundi haya yanaingiliana: mtu anaweza kuzidi uzito na kukosa madini ya chuma kwa wakati mmoja. Utafiti wa 2022 ulikuta Kagera ina asilimia 34.3 ya watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, kutoka 41.7 ya utafiti uliotangulia.

Weka namba hizo ndani ya nyumba moja. Muuza duka akiacha vijiko vitatu vya chakula vya mafuta kwa siku, anaondoa gramu 42, kalori 378 na shilingi 274. Kwa shilingi 274 anapata dagaa gramu 23, wenye protini 13 na kalori 74. Amepunguza kalori 304 bila kuongeza hata shilingi. Kwenye karatasi, hakuna badiliko la bei nafuu kuliko hilo.

Lakini mafuta hayo yalikuwa kwenye chungu, na chungu kinalisha wanne. Mtoto wa miaka miwili, anayehitaji kalori 1,000 hivi kwa siku na mwenye tumbo dogo, alikuwa akipata sehemu yake kwenye mafuta yaleyale. Hesabu ya mama ikikatwa jikoni, ya mtoto imekatwa pia. Basi maharage yaungwe kwa mafuta kidogo, mama ajipakulie, kisha kijiko kimoja kirudishwe kwenye sahani ya mtoto. Ni gramu 14, kalori 126, shilingi 91.